Kanda ya Kiponda

Redio ya deki mbili ilikuwa juu ya kigoda, nasi tumekaa chini ukumbini kwao, Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja, ghorofa ya pili, madirisha wazi na joto halitoki. Fundi aliinama hata pua ikakaribia kugusa vitufe. Kinanda kilipoanza, akaachia kitufe cha kusimamisha. Kilipofika pale ambapo Tupac, yule rapa wa Marekani, anakaribia kufungua mdomo, tak, akakamata. Akarudisha kanda nyuma, akasikiliza, akautafuta mwanzo, akaachia tena. Tak. Kila mzunguko ulitupa sekunde chache tu, na sisi tulitaka dakika 3 nzima za kinanda kitupu ili tuchane mistari yetu juu yake. Tulianza baada ya Adhuhuri. Magharibi ilipoadhiniwa alikuwa bado, kidole kimeota alama nyekundu.

Nilikuwa sijui wakati ule kwamba kazi ile ndiyo hip-hop ilivyozaliwa. Tarehe 11 Agosti 1973, huko Bronx, New York, kijana mzaliwa wa Jamaika aitwaye Kool Herc alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake. Yeye alikuwa na mtindo wa kuchukua kile kipande ambacho ngoma hubaki peke yake na kukirudia kwa mashine mbili za santuri, kisiishe, watu wasipoe. Na vijana waliokuja baadaye, wasio na mashine, walifanya kama Fundi: deki mbili na kidole. Fundi hakufundishwa na mtu. Aliitafuta njia mwenyewe kwa kuwa wimbo ulimkaa rohoni na hakuwa na chombo kingine.

Tulikuwa wanne. Mimi na wenzangu wawili tulitoka Michenzani, kwenye zile ghorofa. Fundi alikuwa Mhindi wa Kiponda, tunasoma naye skuli moja, na jina la Fundi tulimpa sisi kwa sababu kanda ikikatika alikuwa anaiunga kwa rangi ya kucha ya dada yake na usijue ilipokatika. Mwaka ulikuwa 1999. Mimi nina miaka 17. Skuli ilikuwa na sherehe ya kufunga muhula, nasi tumeandikwa kupanda jukwaani.

Wimbo wenyewe ulikuwa Changes. Ulitoka mwishoni mwa 1998, miaka 2 baada ya Tupac kupigwa risasi Las Vegas, na kanda yake ilitufikia kwa boti kutoka Dar es Salaam, imenakiliwa na kunakiliwa hata sauti ikawa kama inatoka chini ya maji. Hatukujali. Mwezi wa Februari mwaka ule tulisikia redioni habari ya Amadou Diallo, kijana wa Kiguinea asiye na silaha, aliyesimama mlangoni kwake huko huko Bronx, askari wanne wakampiga risasi 41. Babu yangu alikuwa anasikiliza na mimi. Aliuliza mara mbili: ngapi? Nikamwambia 41. Akazima redio, akakaa.

Babu alikuwa hamali. Kabla ya Mapinduzi ya 1964 alivuta gari la hamali kutoka bandarini Malindi, hapa Unguja, hadi kwenye maduka ya mjini, na bega lake la kulia lilikuwa na sugu ngumu, nene, inayong'aa kama kisigino. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikiigusa. Alikuwa akisimulia namna alivyoitwa na wenye maduka, na si kwa jina lake. Kwa hiyo niliposikia Tupac akilalama juu ya askari, juu ya njaa, juu ya mtu mweusi kuzaliwa na kosa tayari mgongoni, sikuhitaji kamusi. Niliona ananisemea babu yangu. Na hili nalishika mpaka leo: rangi ya mtu si kitu kidogo katika kuusikia muziki ule. Umetoka kwa watu waliofanyiwa mambo fulani kwa sababu ya ngozi yao, na aliyefanyiwa kama hayo, au babu yake, huitika kabla hajaitwa. Anayeniambia kwamba masikio yote ni sawa, mimi namwona hajawahi kuguswa.

Lakini kuna jambo nililiona siku zile za mazoezi nikalipita.

Katika wimbo ule limo lile neno ambalo Wamarekani weusi wanaitana wenyewe, na mtu mwengine akilisema ni tusi zito. Mimi nilikuwa nalipigia kelele. Lilikuwa tamu mdomoni, lilikaa vizuri kwenye biti, nami sikujua uzito wake hata chembe. Fundi alikuwa analijua. Kila wimbo ulipofika pale alifunga mdomo, akatikisa kichwa mara moja kujaza nafasi, akaendelea na neno linalofuata. Alifanya hivyo kila mara, hata tukiwa wawili tu, hata akiwa anaosha vichwa vya redio kwa pamba na spiriti akiimba chini chini. Siku moja nikamuuliza mbona analiruka. Akanijibu, "Si langu." Basi. Visiwani kwetu tunayo maneno ya namna hiyo pia, tunayarushiana kuvuka barabara ya Darajani, ile inayotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, ya upande huu na ya upande ule, nami nilikuwa nimeshayasema yote kabla sijabaleghe.

Siku kanda ilipokamilika tulishuka tukakaa barazani nje kwao. Nikamwambia.

"Fundi, siku ya shughuli wewe utakaa na redio. Jukwaani tutapanda sisi watatu."

"Ubeti wa pili nimeutunga mimi," akasema.

"Nitauchana mimi. Wimbo huu wa watu weusi, bwana. Wewe ukisimama pale watu watacheka."

Wenzangu waliangalia chini. Fundi hakunijibu palepale. Aliingia ndani, akarudi na redio na kanda nyengine, ya ami yake aliyehamia Leicester, Uingereza. Akaiweka, akabonyeza. Kikatoka kinanda kile kile. Kile kile, nasema, tulichokuwa tumekikamata kwa kidole tangu mchana. Kisha badala ya Tupac ikaja sauti ya mzungu.

"Huyu ni Bruce Hornsby," Fundi akasema. "Wimbo wa 1986. Tupac kachukua hapa."

Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Nikamwambia mzungu anajua nini. Fundi akarudisha kanda nyuma, akanifasiria mstari kwa mstari, taratibu, kama anavyofasiri mwalimu wa chuoni. Mzungu yule naye anaimba juu ya ubaguzi. Anataja sheria iliyopitishwa 1964 Marekani, ile iliyokataza kumtenga mtu kwa rangi yake, na kwamba sheria haikufika mioyoni mwa watu. Nikawa kimya. Niliuimba wimbo wa Tupac miezi mizima bila kujua umesimama juu ya nini, na mistari mingi niliyoipigia kelele sikuwa na fasiri yake. Yeye alikuwa ameiandika yote kwenye daftari la hesabu, ubavuni maana ya Kiswahili kwa penseli.

"1964," nikasema, kwa kutaka tu kusema kitu.

"Ndiyo. Sisi humu nyumbani mwaka huo hatuutaji."

Nikamjibu: "Sisi kwetu tunauimbia."

Nimeishi na jibu hilo zaidi ya miaka 20. Lilikuwa kweli. Kila Januari 12 kwetu ni nyimbo, na babu yangu alikuwa na haki zote za kuimba, kwani mwaka ule ndio uliomtoa kwenye gari la hamali. Lakini sikulisema kwa ajili ya babu. Nililisema ili limchome. Fundi alitoa kanda ya kinanda kwenye redio, akaitia kwenye ganda lake, akanikabidhi kwa mikono miwili kama anayetoa amana. Akapanda ngazi. Mlango wa kwao ni wa zamani, mzito, na ulijifunga polepole.

Kuna kitu nilikuja kukijua baadaye ambacho ningetamani Fundi angekuwa nacho mkononi jioni ile. Rapu ya Kiswahili ya kwanza tuliyoijua utotoni ilikuwa ya Saleh Jabir wa Dar es Salaam, 1991, juu ya biti ya Vanilla Ice, mzungu. Vanilla Ice naye aliichukua besi yake kwenye wimbo wa 1981 wa kundi la Queen na David Bowie. Na mwimbaji wa Queen alikuwa Freddie Mercury, yaani Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi, wale Wahindi wenye asili ya Uajemi, aliyezaliwa hapa Unguja 1946 na kuondoka na wazazi wake 1964. Nilipoliunganisha hilo nilikuwa mtu mzima, nikasimama katikati ya chumba. Sauti ilitoka kwetu na mtoto wa Kihindi, ikazunguka dunia, ikaturudia kwa Kiswahili kama rapu, nasi tukasema hii yetu, nyinyi haiwahusu.

Fundi hakuja kwenye sherehe. Redio alikaa nayo kijana mwengine. Ubeti wangu wa kwanza, wa babu na bega lake, ulipita salama, watu wakapiga makofi ya adabu. Kisha nikaingia ubeti wa pili, wa Fundi. Nilibadilisha neno moja tu, nikatoa Kiponda nikatia Michenzani:

Kitovu changu Michenzani, na jina langu walijua,
Ukinita kwa kabila, ndani mtu wamuua.

Ukumbi uliripuka. Wasichana wa nyuma walisimama juu ya mabenchi. Tukarudia mara tatu, na kila nikirudia nilikuwa naona uso wa babu yangu akiitwa na mwenye duka, na papo hapo naona uso wa Fundi barazani. Mistari ya mtu ambaye nilimwambia hawezi kuusikia wimbo huu ndiyo iliyonisemea babu yangu kuliko nilivyoweza kumsemea mwenyewe. Nilishuka jukwaani miguu haina nguvu. Wenzangu walidhani ni furaha.

Ijumaa baada ya sala nilikwenda Kiponda. Nilipiga hodi mara tatu. Akafungua bibi yake, mtu mzima sana, mtandio mweupe, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Wewe wa redio?"

"Ndiye mimi."

"Pita."

Fundi alikuwa ukumbini. Hakunitazama. Nilimwambia nimekosa. Nilimwambia mbele ya bibi yake, kwa kuwa sikupata pengine pa kusemea, na nikamweleza watu walivyosimama kwa mistari yake. Akauliza kama nilitaja kuwa ni yake. Nikasema hapana. Akatikisa kichwa, mara moja, vile vile kama anavyoliruka neno lile. Bibi alituletea chai ya maziwa na vileja, akakaa nasi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Wimbo wenyewe ndio ule mnaoupiga kutwa?" akauliza. "Unasemaje?"

Fundi akauweka. Tukamfasiria, Fundi kwa Kikachi, lugha yao ya nyumbani, na mimi nikitia Kiswahili pale alipokwama, kwani maneno mengine ya mtaani hayakuwa na Kikachi chake. Tulimwambia huyu ni kijana mweusi wa Marekani. Tulimwambia analalamika kwamba hakuna kinachobadilika, masikini ni yule yule, askari ni yule yule. Bibi alikuwa anasikiliza ameinamisha kichwa, mkono juu ya goti, kidole kimoja kinafuata kinanda bila yeye kujua. Ukutani juu yake palikuwa na picha moja ya kijana mwenye nywele zilizochanwa upande, picha ya nyeusi na nyeupe. Nilikuwa nimeingia nyumba ile mara nyingi na sikuwahi kuuliza ni nani.

"Yuko wapi sasa, huyu anayeimba?"

"Amekufa, Bibi," nikasema. "Walimpiga risasi. Alikuwa na miaka 25."

Akanyamaza. Wimbo ukaisha, kanda ikawa inazunguka inachakarisha tu.

"Na mama yake?" akauliza. "Yu hai?"

Tukatazamana, mimi na Fundi. Tukamwambia ndiyo, mama yake yu hai.

"Maskini," akasema. Kisha akasogeza kigoda chake karibu na redio. "Hebu rudisheni."

Fundi akanyoosha mkono, nami nikanyoosha, vidole vyetu vikakutana kwenye kitufe. Akaniachia nibonyeze mimi.