Bogofilter, Evolution na barua taka za Kiswahili

Nilipohamia kompyuta mpya yenye Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, barua taka zilianza kumiminika katika kikasha changu cha Evolution, programu ninayosomea barua pepe, kana kwamba hakuna kichujio chochote, ilhali kwenye kompyuta ya zamani nilikuwa nikiziona kwa nadra sana. Mipangilio ilikuwa sahihi: nilikuwa nimeruhusu barua zinazoingia zikaguliwe, nimechagua Bogofilter, kichujio kinachojifunza kutenganisha barua taka na halali, na nimesakinisha pia kifurushi cha evolution-plugin-bogofilter, ambacho katika Debian hutolewa kando na ndicho kinachoziunganisha programu hizo mbili.

Kosa lilikuwa langu. Nilinakili folda zote za barua, lakini niliiacha folda ya .bogofilter, ambayo haionekani kwa kawaida kwa sababu jina lake linaanza na nukta. Humo ndimo limo faili la wordlist.db, lenye kila neno ambalo Bogofilter imewahi kulisoma na idadi ya barua taka na barua halali zilizokuwa na neno hilo. Kichujio kingine, SpamAssassin, huja na kanuni zake tayari. Bogofilter haijui lolote mpaka ifundishwe, na kompyuta ya zamani nilikuwa nimekwisha kuifuta.

Kwa hiyo nikaanza upya, kila siku nikizitia alama barua taka kwa Ctrl+J, na baada ya muda mfupi barua za ndugu na za kazini nazo zikaanza kutupwa kwenye folda ya taka. Nilielewa sababu nilipofungua terminali na kuandika amri hii, inayoonyesha Bogofilter imefundishwa barua ngapi:

bogoutil -w ~/.bogofilter .MSG_COUNT

Safu ya barua taka ilikuwa na makumi kadhaa, na safu ya barua halali ilikuwa na sifuri. Neno ambalo programu imelikuta katika barua taka tu, hata likiwa "na" au "kwa", huhesabiwa kuwa ni dalili ya taka, kwa kuwa hakuna barua halali ya kulitetea. Namshauri kila mwenye tatizo kama hili aanze na amri hiyo kabla ya kugusa mpangilio wowote. Mimi nilichagua barua halali mia tatu hivi, nikazihifadhi kutoka Evolution kama faili moja la mbox, yaani faili linalobeba barua nyingi, kisha nikazifundisha kwa pamoja:

bogofilter -M -n < halali.mbox

Barua za Kiingereza zilitulia mara moja. Za Kiswahili hazikutulia, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Nilihifadhi barua moja ya kitapeli, iliyoahidi mkopo usio na dhamana, nikaipitisha kwenye bogofilter -vvv, ambayo huonyesha kila neno na thamani yake kati ya 0 (halali) na 1 (taka). Karibu maneno yote ya Kiswahili yalikuwa na 0.52, ambayo ndiyo thamani ya neno lisilojulikana, na kwa mipangilio ya kawaida neno lisipokuwa mbali na 0.5 kwa angalau 0.375 halihesabiwi kabisa. Barua nzima ilikuwa imeamuliwa kwa maneno machache tu, tena mengi yake ni ya vichwa vya barua, yaani mistari ya mtumaji, tarehe na njia iliyopitia.

Isitoshe, Bogofilter haitambui mzizi wa neno. Kwake, "utatumiwa", "umetumiwa", "nimekutumia" na "tutakutumia" ni maneno manne yasiyohusiana, na kila moja linapaswa kufundishwa kivyake. Lugha yetu inayobeba nafsi, njeo na mtendwa ndani ya neno moja inahitaji mifano mingi kuliko Kiingereza ili kufikia usahihi uleule, na sioni njia ya mkato. Nilitenga folda ya barua za Kiswahili peke yake, halali na taka, na kila Jumamosi nazifundisha za pande zote mbili, nikianza na zile ambazo kichujio kilizikosea.

Faili la wordlist.db sasa nalihifadhi kama maandishi ya kawaida kwa bogoutil -d, kwa sababu si kila toleo la Bogofilter linatumia aina moja ya hifadhidata: kuna la Berkeley DB na kuna la SQLite, na faili lililonakiliwa kutoka moja huenda lisisomeke katika jingine. Maandishi hayo hurudishwa kwa bogoutil -l kwenye mashine yoyote.