Mechi ya Pirates, wiki ile ya nusu fainali

Walokuwa Mombasa Machi 2003 watakumbuka, mji mzima ulikuwa umepagawa na kriketi. Na huu ni mchezo ambao kabla ya hapo ukiuuliza barazani utaambiwa huo ni wa Wahindi na wa wale wa Mombasa Sports Club, wanavaa nyeupe wanasimama juani kutwa halafu wanakunywa chai. Basi tukawapiga Sri Lanka pale Gymkhana Nairobi, Collins Obuya akachukua wiketi 5 kwa rani 24 (yaani kawatoa wapigaji watano, na alama walizopata kwake ni 24 tu), New Zealand nao wakakataa kuja Nairobi ati usalama (sisi wa Mombasa hiyo ilituuma zaidi, bomu la hoteli kule Kikambala lilikuwa halijafika hata miezi minne) pointi zao tukapewa sisi, mara Bangladesh, mara Zimbabwe, kufumba na kufumbua Kenya iko nusu fainali ya Kombe la Dunia, timu ambayo hata mechi za Test, zile za siku tano za mataifa makubwa, hairuhusiwi kucheza. Haikuwahi kutokea.

Lakini kwetu sisi kilotia moto hasa ni Aasif Karim. Mtoto wa Mombasa, miaka 39, keshastaafu zake, wakamwita arudi, na Jumamosi ya tarehe 15 kule Durban akawarushia Australia ova nane na kitu, ova moja ni mipira sita, akatoa rani 7 peke yake na wiketi 3, mojawapo ya Ponting, kepteni wao. Mechi tulifungwa, na wala hakuna alojali. Wiki ilofuata mtaani kwetu Kibokoni nzima kila kijana anarusha mpira polepole kwa mkono wa kushoto, hata wale ambao mkono wa kushoto hawajui kushikia kikombe.

Nusu fainali na India ilikuwa Alhamisi, tarehe 20, siku ile ile Marekani walipoanza kuipiga Iraki. Tulikuwa kwa mzee mmoja mwenye dishi, sebule imejaa mpaka watu wako ngazini, na mzee ndo ameshika rimoti yeye anataka habari za Baghdad, sisi twataka Durban, ikawa kila ova ikiisha anahamisha stesheni tunaona mabomu, ova ikianza tunamlilia anarudisha. Ganguly wa India akapiga 111 na hakutolewa. Sisi tukamaliza na 179, Tikolo peke yake ndo alopata hamsini na kitu. Watu wakatoka kimya, halafu pale mlangoni, katikati ya kutafuta kandambili zetu, Fundi akasema Jumamosi twende Pirates tukawafunge Majengo, mwenye kushindwa analisha biriani.

Fundi tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa fundi wa mafriji, na ndo alojifanya kepteni, hakuna alomchagua. Majengo kulikuwa na kundi la vijana tulosoma nao, nao pia wamepata wazimu huo huo, kiongozi wao ni Mrefu, utingo wa matatu za Bamburi, mkono wake mtu ukikuvuta ndani ya gari huna haja ya ngazi.

Vifaa nitakwambia. Bati la kweli lilikuwa moja tu, la rafiki yetu wa Kibohora ambaye alikuwa anacheza kriketi ya kweli, na alilileta limevishwa soksi kama mtoto mchanga, na kila mtu akiliazima anamwambia usilichomeke mchangani, usilichomeke mchangani. Stampu zilikuwa fito tatu za mkoko upande wa anayepiga, na upande wa anayerusha kreti la soda limesimamishwa. Mpira ni wa tenisi ulozungushiwa tepu nyeusi ya umeme, ya Fundi hiyo, na akaufunga nusu tu, upande mmoja tepu upande mmoja manyoya, maana mpira wa hivyo ukirushwa na anayejua unapinda hewani. Tatizo hakuna alojua kuupindisha kwa kutaka, ulikuwa unapinda ukipenda wenyewe.

Kwa wasoijua Pirates, ule ni ufuo wa umma kule Bamburi, wikendi umejaa watu, maboya ya kukodi, mihogo ya pilipili, madafu, picha, ngamia wa kupanda. Siku zile ndo bamvua ilikuwa inaondoka, kwa hivyo maji yakitoka yanatoka mbali kweli, yanaacha mchanga mgumu umelowa, mpira unadunda vizuri kuliko uwanja mwingi wa shule. Tulikuwa tuanze saa nne asubuhi. Majengo wakaja saa sita. Tukaswali adhuhuri kwanza, tukaanza saa saba na jua la Machi liko utosini, na mtu mzima mmoja, mvuvi, akatupita akatwambia nyinyi mnacheza hapa lakini maji yanarudi sasa hivi. Fundi akamjibu mzee sisi ni ova kumi kumi tu.

Wanane kwa wanane. Kanuni tulizipanga hapo hapo: hakuna mguu mbele ya wiketi, yaani mpira ukikugonga mguu mbele ya fito hutolewi, maana hakuna atakayekubali. Mpira ukiingia majini ni rani mbili, basi, hata mkimbie mpaka Malindi. Ukipita mnazi ulolala ni nne. Na ampaya anatoka timu inayopiga, kama inavyofanywa mechi nyingi za kirafiki, kwa sababu wale wengine wote wanahitajika kudaka. Hiyo ya mwisho ilionekana ndogo wakati tunaipanga.

Majengo walianza kupiga, sitawachosha, kwa ova tisa walikuwa na sitini na kitu. Ova ya kumi ndo ikaja kadhia ya ngamia. Mrefu kapiga mpira wa chini, umeteleza juu ya mchanga moja kwa moja hadi kwa ngamia mmoja alokuwa amelala na matandiko yake ya rangi anatafuna, ukaingia chini ya shingo pale ukakaa. Mpwa wangu wa miaka kumi na mbili, ambaye tulimchukua ili tutimie wanane, akaufuata mbio, akafika, ngamia akageuza uso akamtazama, kijana akasimama hapo hapo. Huku Mrefu na mwenzake wanakimbia, moja, mbili, tatu, sisi tunapiga kelele mwite mwenye ngamia, mwenye ngamia yuko kwa muuza madafu anacheka, nne, tano, akaja polepole, sita, akauchukua mpira akaupangusa kwenye kikoi chake akampa kijana kwa adabu kabisa. Tukamgeukia ampaya, wa Majengo huyo, tukamwambia hii si mpira uliokufa, mchezo umesimama? Akasema kwani kwenye kanuni mlisema ngamia? Rani sita. Wakamaliza na 75.

Sisi kupiga kwetu kulikuwa kwa kusuasua. Mimi nilipata saba, fito zangu zikaangushwa na mpira ulopinda bila hata aloutupa kujua, alishtuka kuliko mimi. Nikitoka Fundi akanitupia kofia, haya nenda kawe ampaya, wewe unazijua sheria. Nilizijua kweli, miaka mingi nilikuwa naenda Sports Club kumtazama huyo rafiki yetu wa Kibohora nakaa na mwandika rani. Nikasimama nyuma ya kreti.

Maji nayo yakaanza kuja. Kwanza unayasikia tu kwa mbali, halafu ukitazama ule mstari wa mwani ulokuwa mbali umekaribia, halafu fildi ya upande wa bahari anacheza amepandisha suruali. Ova ya mwisho tulikuwa na 68, tunataka nane tushinde, Fundi yuko na thelathini na kitu zake, anapiga vizuri wallahi sitamnyima, na Mrefu ndo anarusha. Mpira wa kwanza Fundi akaupeleka majini, mbili. Wa pili akakosa. Wa tatu Mrefu akaja na mkono wake ule, mpira ukatoka mrefu kidogo nje ya fito, Fundi akajinyoosha, na hapo nikasikia *tak*. Kavu. Ndogo. Yule wiketi-kipa wao, mdakaji wa nyuma ya fito, kijana wa buchani, akadaka chini kabisa, na Majengo wote saba na mwenye ngamia wakaruka wanadai auti, maana mpira ukigusa bati ukadakwa haujaanguka, mpigaji katoka.

Nikanyanyua kidole.

Fundi hakuondoka. Alinitazama kwanza kama hajanielewa, kisha akasema yakhe hilo ni bati limegonga mchanga. Nikamwambia mchanga wa maji haulii tak, unalia pu. Akaja mpaka kwangu na bati mkononi, na timu yetu yote imetoka kivulini inakuja, na mmoja anasema wenzako wametuibia sita za ngamia hapa na wewe unamtoa kepteni wako mwenyewe, uko timu gani wewe? Nikawaambia twendeni tukatazame. Maana mchanga ulolowa hauna siri, kama bati limegonga lazima limeacha alama, na bati lenyewe litakuwa na mchanga mbichi ncha yake. Tukaenda wote, timu mbili, tukainama pale. Nyayo za Fundi zipo, kisigino kilivyogeuka kipo, mstari tulochora na kijiti upo, na mbele ya mstari ule mchanga umelala sawasawa, hata tobo la kaa hakuna. Rafiki wa Kibohora akaligeuza bati lake, akapitisha kidole ncha ya chini, kidole kikavu. Hakusema kitu, akaanza tu kutafuta soksi yake.

Fundi akasema aligonga huku, akaonyesha mahali pengine kabisa, na kabla hatujainama tena wimbi likaja, lile la kwanza kufika pale juu, likapita katikati ya miguu yetu likarudi na kila kitu, mstari, nyayo, na fito moja. Akasema haya, ushahidi uko wapi sasa? Mrefu alicheka mpaka akakaa chini majini na nguo zake.

Hebu niseme, mpaka leo nimeulizwa mara nyingi kwa nini sikunyamaza tu. Ingekuwa rahisi, ampaya akisema hakusikia nani atamfanya nini. Lakini nilisikia. Na wale wa Majengo, pamoja na ngamia wao, walituamini wakakubali mtu wa Kibokoni asimame pale ova nzima ya mwisho, hawakuleta neno.

Fundi akatoka, bati akamkabidhi mpwa wangu, bado mipira mitatu twataka sita, na sasa anayerusha anakimbilia ndani ya maji ya kifundo cha mguu. Mpira wa nne kijana aliupungia upepo. Wa tano ulianguka kwenye maji mbele yake ukafa, ukaelea, naye akaupiga vile vile unavyoelea kama anafagia uwanja, tukakubaliana wote kwamba huo umepigwa, ukaenda baharini, mbili. Nne zabaki kwa mpira mmoja. Mrefu akaukausha mpira kwenye nywele zake, akarusha, kijana akafumba macho, nilimwona kabisa amefumba, akaupata katikati ya bati ukaruka juu ya kichwa cha Mrefu ukatua majini mbali, na wimbi likauchukua. Wakakimbia. Moja, mbili, watu watatu wa Majengo wanaogelea kuutafuta mpira, tatu, wanageuka kwa ya nne, Kibokoni tumeruka tunakumbatiana na mwenye madafu keshaanza kupiga makofi.

Nikaonyesha vidole viwili.

Kelele ilotoka hapo sijui niiandike vipi. Hata mpwa wangu, damu yangu, aliniita jina ambalo mamake angemchapa. Nikawaambia kanuni mlipanga wenyewe hapa hapa, maji ni mbili, hata mkimbie mpaka Malindi, na alosema Malindi ni nani? Fundi kanyamaza, maana ni yeye. 74 kwa 75. Tumefungwa kwa rani moja.

Biriani tulilila jioni mjini, la mbuzi, Majengo walikula kama watu walotoka jela, na Mrefu aliagiza na kachumbari ya pili. Fundi ndo alokusanya pesa kwa walofungwa, akazunguka meza mtu mmoja mmoja, alipofika kwangu akasema ampaya analipa mara mbili, ya timu yake na ya timu anayoipenda. Nikatoa ya mtu mmoja. Tukavutana hapo mpaka kijana wa buchani akasema mwacheni, yeye atanilipia hiyo ya pili, na hilo likamuudhi Fundi zaidi ya rani yenyewe.

Jumapili ilikuwa fainali, Australia na India kule Johannesburg, tukarudi kwa mzee yule yule, rimoti ile ile, Baghdad na kriketi. Nilipoingia walinipisha nikae mbele kabisa, kwa heshima ya kebehi. Ponting akapiga 140, Australia wakafikisha 359, na kila Wahindi wakidai auti sebule nzima inanigeukia mimi, ampaya vipi, umesikia tak? Ikaja zamu ya India. Wazee wote mle ndani wako na Sachin, mpigaji wao India, mzee mwenyewe mara hii kaacha Baghdad, rimoti iko chini. Ova ya kwanza tu haijaisha, Sachin ana 4, akaupandisha mpira juu, McGrath alorusha akaudaka mwenyewe.

Kimya. Kisha Fundi, toka pembeni, mdomo umejaa viazi karai:

"Na huyo pia umemtoa wewe?"