Mgongo wa Koplo

Juzi kijana wangu alirudi kutoka shuleni na barua ya makadeti, wale vijana wanaofunzwa mambo ya kijeshi. Kuna chama cha watengeneza hatamu za farasi, kimoja cha vyama vya mafundi vya hapa City of London, ule mji wa kale katikati ya London, kinachowafadhili, na mwaka huu kitatoa zawadi kwa kadeti bora, kwa hiyo wazazi tunaombwa tufike tukiwa tumevaa vizuri. Aliisoma, akairudia, kisha akaniuliza: "Baba, watengeneza hatamu za farasi na jeshi wapi na wapi?"

Nikamwambia amuulize mama yake. Mama yake akanitupia lile jicho mnalolijua, maana hadithi ya koplo anaijua, na anajua sijawahi kuiandika hapa.

Zilikuwa zile siku za shati jeupe na tai ya kipepeo, nilipokuwa mhudumu wa karamu. Wakala anakutumia ujumbe mchana, saa kumi na moja jioni uko mlango wa nyuma wa ukumbi fulani, viatu vimepigwa rangi, kucha zinakaguliwa kama za mtoto wa chekechea. Nimehudumu kumbi nyingi za vyama hivyo, na nilichojifunza kwanza ni kwamba mara nyingi mafundi wenyewe hawamo. Katika chama cha wauza samaki utakutana na wanasheria, katika chama cha wafua dhahabu watu wa benki (ingawa hao wa dhahabu, nikiri, bado wanapima na kupiga mihuri vito vya watu). Vyama vimepita 110. Hata watu wa kompyuta wana chao, cha 100 kwenye orodha.

Na orodha si mchezo. Vile vya zamani vilipangiwa ukubwa mwaka 1515, na nafasi haibadiliki. Washonaji na wauza manyoya ndio pekee wanaopishana: waligombana nani amtangulie nani barabarani hadi damu ikamwagika, mwaka 1484 Meya akaamua wapokezane nafasi ya sita na ya saba kila mwaka, na waalikane chakula. Mpaka leo wanaalikana. Mimi nilipoambiwa hayo na mpishi nilimwaza mama, ambaye ni fundi cherehani, nikajua angekubali kuwa wa saba ila angedai chakula kiwe cha maana.

Habari ya jeshi nayo ni ya kale. Mji ulipohitaji kulindwa, kila chama kilitoa watu na silaha, kwa hiyo mikuki na dirii vilikaa ghalani mwao pamoja na vyombo vya karamu. Watengeneza pinde na watengeneza mishale walikuwa na vyama viwili mbalimbali tangu 1371, na bado viko hivyo, kana kwamba kesho kuna vita vya mishale. Siku hizi kilichobaki ni urafiki. Chama kinajifunga na kikosi fulani, au meli ya vita, au skwadroni ya ndege, pamoja na makadeti. Kinatoa zawadi kwa askari aliyefanya vizuri, na kinamwalika mezani.

Ndivyo koplo alivyofika.

Chama chenyewe sitakitaja. Meza zilipangwa kama kitana: moja ndefu mbele kwa Mkuu wa chama na wageni wake wakubwa, nyingine zikishuka kutoka hapo kama meno. Koplo alikuwa ncha kabisa ya jino langu, karibu na mlango wa jikoni. Alivaa koti la sherehe, shingo imebanwa, uso umeungua jua kwa namna ambayo Uingereza haiwezi kukuunguza mwezi wa tatu. Nilipomwekea supu akasema, "Asante sana."

Nikadhani nimesikia vibaya. Alipoona nimesimama akaniuliza natoka wapi. Kenya. Kenya wapi? Nanyuki.

Kijiko alikiweka chini. Alikuwa amerudi wiki chache tu zilizopita! Alikuwa Archers Post, kule Samburu ambako jeshi lao hufanya mazoezi, akanihesabia nge, miiba, mbuzi wa kuchoma, na yule jamaa wa pale kwenye ikweta anayemwaga maji kwenye beseni kuonyesha yanavyozunguka. Alifurahi kama aliyekutana na jirani. Mimi pia, lazima niseme, nilifurahi. Nikamwambia mama yangu ana cherehani si mbali na uwanja wa maonyesho, na askari wao walikuwa wakimletea suruali zilizopasuka magotini. Hiyo ni kabla ya Nyati, kambi yao mpya hapo Nanyuki. Akacheka, akasema pengine hata yake imepita kwake. Msimamizi wangu akakohoa, nikaenda zangu na sinia.

Samaki, nyama, sala ya kuimbwa, tunapita haraka. Kisha kikaja kikombe.

Wanakiita kikombe cha upendo. Ni cha fedha, kina mikono miwili na kifuniko, kimefungwa kitambaa cheupe, na ndani kuna divai yenye viungo. Mimi ninachokumbuka ni karafuu. Kila mara wanasimama watu watatu. Wa kati anakunywa. Wa mbele yake anainama, anainua kifuniko kwa mkono wa kulia, ili mkono wa kisu uwe na kazi nyingine. Wa tatu anampa mnywaji mgongo na kuangalia nje, amlinde. Wenyewe husimulia kwamba ni kwa ajili ya mfalme kijana Edward, aliyeuawa Corfe mwaka 978, na hadithi inasema alichomwa kisu akiwa na kikombe mkononi. Miaka zaidi ya elfu, na watu wa bima bado wanalindana migongo kabla ya kahawa.

Basi kwenye jino letu kikombe kilianzia ncha, kwa koplo. Mbele yake kulikuwa na bibi mmoja wa lulu, tayari na mkono wa kifuniko. Nyuma yake hakuna mtu. Nyuma yake kulikuwa na mimi, na sinia tupu.

Bedeli, yule mzee wa joho na fimbo anayeongoza shughuli, akatazama huku, akatazama kule. Shughuli haiwezi kuanza mtu akiwa na mgongo wazi. Akaninyooshea kidole, akazungusha kidole hicho hewani: geuka.

Nikageuka.

Sijui nilisimama muda gani. Sekunde chache, nadhani. Sinia nimeikumbatia kifuani. Mbele yangu mlango wa jikoni umefunguka nusu, na wenzangu wamebanana pale, yule dada wa Kolombia ameziba mdomo kwa taulo. Nyuma nasikia kifuniko kikiinuliwa, na kumeza kwake. Koti lake likagusa langu, zito, la joto. Na nikiwa pale nikilinda mgongo wa askari wa Uingereza dhidi ya mlango wa jikoni, kilichonijia kichwani ni mwaka 2002, redio ya mama juu ya meza ya kukatia vitambaa, ikitangaza kwamba serikali ya Uingereza imekubali kuwalipa Wamaasai na Wasamburu zaidi ya 200 kwa ajili ya mabomu yaliyoachwa katika maeneo ya mazoezi. Mama alisimamisha cherehani akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaendelea na suruali iliyokuwa kwenye sindano, na ilikuwa ya nani si lazima niwaambie.

Koplo huyu mwaka huo alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nilijua hilo hata pale. Halikunisaidia, wala halikunizuia kusimama wima. Nilisimama vizuri kuliko nilivyowahi kusimama kazini, na hadi leo sijui kama ilikuwa adabu, au mshahara, au nilimpenda tu yule kijana.

"Asante, rafiki," akasema kikombe kilipohama. Nikatoa sahani.

Baadaye Mkuu wa chama akamkabidhi medali yake, watu wakapiga meza, Malkia akatakiwa afya njema, mabasi ya usiku yakatupeleka makwetu. Sikumwona tena.

Jumapili nikampigia mama simu. Nilimsimulia yote: kikombe, bibi wa lulu, fimbo. Alisikiliza bila kuuliza, mpaka nilipofika kwenye koti.

"Limeshonwaje mgongoni?" akauliza. "Lina mshono wa katikati?"

Nikamwambia sikuliona, nilikuwa nimempa mgongo.

"Muda wote huo?"

"Mama, ndiyo ilikuwa kazi yenyewe."

Akaguna. Akasema makoti ya namna hiyo hayajawahi kuletwa kwake, huwa wanaleta suruali tu, kisha akaniambia nisubiri kidogo, kuna mteja mlangoni.