Tulivyosaka viongozi wapya Likoni kabla ya uchaguzi wa 2022

Watu wananiuliza sana ile shughuli yetu ya kusaka vipaji vya uongozi kule Likoni, Mombasa, tuliifanyaje, basi wacha niandike hapa mana 2027 ndo hiyo inakuja na najua kuna wanaotaka kujaribu kwao.

Kwanza hatukuita watu waje wajitangaze. Ukisema anayetaka uongozi aje mbele watakuja walewale wa miaka yote. Sisi tulizunguka maskani, kwa wauza mahamri, kwa vijana wa boda pale feri, misikitini na makanisani, tukauliza swali moja tu, ukipatwa na shida saa nane usiku, mtoto kazidiwa ama kijana wako kashikwa, hapa mtaani unamgongea nani mlango? Majina yaliyorudi mara nyingi ndo tukayafuata, na mengi yalikuwa ya wanawake.

Halafu tukafanya siku ya wazi uwanjani, kila mtu asimame mbele ya majirani zake wamuulize maswali. Hotuba hatukutaka. Tuliuliza MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, kazi yake nini, na hapo wengi walikwama, mtu anaahidi kujenga chuo kikuu na kazi yenyewe ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti na kuisimamia serikali ya kaunti. Tukachapisha kurasa za bajeti tukawapa wasome palepale. Dada mmoja muuza mahamri na mbaazi, mweka hazina wa chama chao cha akina mama, alitoa kalamu akaanza kupiga mistari kama anakagua daftari la chama, akauliza za mishahara ni zipi na za maendeleo ni zipi, tulipomwambia sheria inataka za maendeleo zisipungue asilimia 30 akazijumlisha mwenyewe akawafafanulia na wenzake. Uwanja wote ukamsikiliza yeye.

Sasa kumpata ni rahisi, kumshawishi ndo kazi! Alikataa katakata, akasema siasa ni matusi, ntatukanwa watoto wangu wasikie. Na ni kweli, wanawake wakigombea wanavunjiwa heshima vibaya sana na hili linaniuma mpaka leo. Tukatuma wazee na shangazi yake wakaongee na mumewe na mama mkwe, tukapanga mikutanoni aende na wenzake wa chama, na nani atamshikia biashara.

Pesa pia zinatisha watu bure. Ada ya IEBC, ile tume ya uchaguzi, kwa MCA ilikuwa shilingi 5,000, wanawake, vijana na walemavu nusu yake, 2,500. Yeye alisimama kama mgombea huru, Katiba inataka uungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi yako na uwe si mwanachama wa chama chochote cha siasa kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Hapo muwe macho sana, kuna watu wamesajiliwa vyamani na hawajui, kaulizeni mapema kwa Msajili wa Vyama vya Siasa.

Hakushinda. Lakini wale wote tuliowapata uwanjani hawakutawanyika, wengine wako bodi za shule, wengine kamati za usalama mtaani za nyumba kumi, na kaunti ikiita watu watoe maoni ya bajeti wanaenda pamoja washaisoma. Yeye kasema 2027 anarudi, na mumewe ndo ashaanza kuongea na watu wa boda.