Mtu wa Kilwa kwenye basi la Assin Manso

Kanisa lililoandaa safari ya Ghana liko Baltimore, Marekani, na karibu wasafiri wote walikuwa Wamarekani weusi wastaafu: walimu, madereva wa mabasi ya shule, shemasi mmoja aliyepigana Vietnam. Mimi niliingizwa na mama mmoja niliyemuuguza nyumbani kwake baada ya upasuaji wa nyonga. Aliwaambia wenzake haendi Afrika bila binti yake Mwafrika. Nikamkumbusha kwamba Ghana sijawahi kuikanyaga, na kwamba kutoka Kilwa Kivinje nilikozaliwa hadi Accra ni mbali kuliko New York hadi Los Angeles. Hakujali. Tangu tunatoka uwanja wa ndege nikawa mjuzi wa kila kitu. Ule mti gani? Yule mama kajitwika nini? Mbona wale wote wamevaa nyeusi na nyekundu? Msiba, nikajibu kwa kujiamini, kwani nilikuwa nimeshamnong'oneza dereva, naye akaniambia Jumamosi huko ndiyo siku ya mazishi.

Ghana imejipanga kwa wageni wa namna hii. Rais wa wakati huo, Nana Akufo-Addo, aliutangaza 2019 kuwa Mwaka wa Kurudi, kutimiza miaka 400 tangu Waafrika waliotekwa waliposhushwa Virginia, Marekani, 1619, na mwezi Novemba mwaka huo watu 126 wenye asili ya Kiafrika kutoka ng'ambo walipewa uraia. Accra tulipita nyumba ya W.E.B. Du Bois, msomi Mmarekani mweusi aliyehamia 1961 kwa mwaliko wa Nkrumah na kufariki humo tarehe 27 Agosti 1963, siku moja kabla ya yale maandamano makubwa ya Washington ya kudai haki za weusi. Shemasi alisimama kaburini muda mrefu kuliko wote. Mimi, nakiri, nilikuwa nawaza chakula.

Foleni ya magari ya Kasoa, nje kidogo ya Accra, ikatuliza njaa. Wachuuzi walituletea madirishani ndizi za kukaanga, maji ya pakiti, na kenkey, unga wa mahindi uliochachushwa, ukafungwa kwa maganda na kupikwa. Wazee wa Baltimore waliionja kwa heshima, wakanipa mimi mabaki.

Wengi wanaokuja hukimbilia ngome za pwani, walikofungiwa mateka kabla ya kupakiwa melini. Kiongozi wetu, kijana Mfante, alikataa. Alisema tutafuata njia waliyopitishwa mateka, kutoka bara kwenda baharini, kwa hiyo tukaanzia Assin Manso, kama kilomita 40 kaskazini ya mji wa pwani wa Cape Coast. Wengi waliofika hapo walikuwa wametembezwa kutoka kaskazini, ambako soko la watumwa la Salaga lilikuwa na jina baya. Mtoni waliogeshwa, wakapakwa mafuta wang'ae, wakakaguliwa na kuuzwa upya. Baada ya hapo ni pwani na meli.

Kabla ya kushuka mtoni kuna makaburi mawili. Mmoja anaitwa Crystal, mwanamke aliyefia utumwani Jamaika. Mwingine Samuel Carson, wa Marekani. Mabaki yao yaliletwa 1998, yakapitishwa katika ule mlango wa ngome waliotokea wenzao, safari hii kuingia ndani, yakazikwa hapa. Mama yangu wa Baltimore aligusa jiwe la Samuel na kusema, "Huyu amefanikiwa."

Tukavua viatu. Mto wenyewe ni kijito tu, maji ya rangi ya chai, kina hata magotini hakifiki pale tuliposimama, na mianzi imeinama juu yake. Nilitegemea kilio. Kilikuwapo kidogo. Zaidi kulikuwa na maswali. Shemasi akalitoa lile lililokuwa kooni mwa kila mtu tangu Accra: "Nani alituuza?"

Kijana hakukwepa. Akaeleza vita vya dola ya Asante, machifu waliopokea bunduki na vitambaa, madalali wa Kifante, kabila lake mwenyewe, na Wazungu waliokuwa wakisubiri pwani na fedha. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea. Kwa Waasante ni mwiko kumtaja mtu asili yake, amri inayonasibishwa kwa Okomfo Anokye, kuhani wa mfalme Osei Tutu. Watumwa wengi hawakupelekwa baharini. Walibaki, wakaoa, wakaingizwa katika koo za mabwana zao. Ukianza kuulizana nani alikuja na kamba shingoni, nyumba inabomoka. "Kwa hiyo," akasema, "ninyi mnauliza kwa sauti. Sisi tumefundishwa kunyamaza."

Wazee walimtazama yeye. Mama yangu alinitazama mimi.

Ndani ya basi hakuniacha. Na kwenu, akauliza, kuna mto kama huu? Nikamwambia kuna mji, na ni mji wetu. Karne ya 19 misafara kutoka Ziwa Nyasa ilikuwa ikimalizikia Kivinje, watu wakapakiwa majahazini kwenda Unguja kwenye mashamba ya karafuu, wengine Uarabuni. Kabla ya hapo, 1776, Mfaransa mmoja, Morice, aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa apate watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Ufaransa, ile Mauritius ya leo na jirani yake Réunion. Sultan Barghash alifunga soko la Unguja 1873. Bara, kwetu Tanganyika, umiliki wa watumwa haukufutwa kisheria mpaka 1922.

"Elfu moja mia tisa?" akauliza.

"Ishirini na mbili."

Akahesabu vidole. Wa kwao waliachiwa huru 1865, na yeye anawajua kwa majina mpaka mwaka ule, shamba gani, Carolina Kusini, nani alinunua ng'ombe wa kwanza. Haya, na wewe? Nikamwambia najua bibi yangu. Mama yake bibi tuliambiwa "alitoka bara", na mtoto akiuliza zaidi anatumwa dukani. Yaani mimi ndiye niliyeletwa kama mwenye kwao, na utumwa uko karibu nami kuliko nao kwa miaka hamsini na saba.

Cape Coast tulifika kesho yake. Ngome ina bei mbili, ya Mghana na ya mgeni. Shemasi alipaza sauti kwamba babu zake walitolewa humu bila tiketi, iweje yeye alipe ya mgeni? Binti wa dirishani alimsikiliza kwa upole wa mtu anayelijua hilo shairi beti zote. Mimi nilijikausha, maana mbuga za kwetu nimezoea kufaidi bei ya wenyeji na sijawahi kuiona dhuluma. Miaka ya 1990, ngome hizi zilipokarabatiwa, watu wa ng'ambo walilalamika kwamba kuta zinapakwa chokaa mpaka uchungu unafutika. Nikiwa ndani ya shimo walimofungiwa wanaume, na kanisa likiwa juu yake, sikuona kilichofutika. Nje ya ule mlango wavuvi walikuwa wakishona nyavu na kutaniana. Hata mmoja hakugeuka kututazama, na nilishukuru.

Jioni wazee wa kijiji jirani walitupa majina. Unadondoshewa maji ulimini, halafu pombe, ili ukiona maji useme maji, ukiona pombe useme pombe. Kisha unaulizwa siku uliyozaliwa. Shemasi akawa Kofi, wa Ijumaa, akalia kwa mara ya kwanza safari nzima. Zamu yangu nikasema naitwa Mwanahamisi, kwetu pia siku inampa mtoto jina. Mzee akacheka, akaniita Yaa, akasema mimi nimerudia darasa.

Usiku ule nikampigia mjomba Kivinje.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Uko Ghana unatafuta nini?"

Nikamuuliza jina la bibi yake. Akasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika. Tulipokuwa njiani kurudi Accra ikaingia sauti yake kwenye simu. Kivinje walimwita Faida. Aliletwa mdogo, na kwao palikuwa ziwani, upande wa pili, ng'ambo kabisa. Alikuwa na wimbo mmoja wa kwao ambao hakuna aliyeuelewa, na mjomba akauimba, vibaya, huku pikipiki zikipita nyuma yake.

"Na hilo jina usiliweke kwenye grupu la ukoo," akamalizia. "Mama zako wakubwa wataniandama."