Jinsi Nilivyouingia Mfululizo wa Ys kwa Sehemu ya Nane

Mfululizo wa michezo ya video ya Ys, unaotengenezwa na kampuni ya Nihon Falcom ya Japani, ulianza mwaka 1987, na hadi sehemu ya kumi iliyotoka mwaka 2023 bado unamfuata Adol Christin, msafiri mwenye nywele nyekundu. Nilipoamua kuucheza ilinibidi kwanza nijue pa kuingilia. Namba za majaladani hazikunisaidia, kwa sababu hazifuati umri wa Adol: sehemu ya nane inasimulia mambo yaliyotangulia yale ya sita, ya kumi inarudi kwenye ujana wake, punde baada ya ya pili, na Ys Origin ya mwaka 2006 inakwenda miaka 700 nyuma ya sehemu ya kwanza.

Nilichokizingatia ni kwamba karibu kila safari ina nchi yake, watu wake na mwisho wake, hivyo mgeni hapotei. Kinachotofautiana kweli kweli ni namna ya kupigana. Kwa hiyo nilianza na Ys VIII ya mwaka 2016, ambayo mapigano yake humfundisha mchezaji hatua kwa hatua.

Meli iitwayo Lombardia inazama, Adol anatupwa katika kisiwa cha Seiren, na kazi yake inakuwa kuwatafuta manusura wenzake. Napenda sana jinsi hadithi na uchezaji vilivyofungamana hapa: vifusi vinavyoziba njia haviondoki mpaka kijiji cha manusura kiwe na watu wa kutosha kuvisukuma, kwa hiyo kila anayepatikana anahesabika. Katika mapigano, upanga wa Adol hufaa kwa viumbe laini, nanga ya mvuvi Sahad huvunja magamba magumu, na mwenzao Laxia huwachoma wale wanaoruka. Nilibaki kwanza karibu na ufukwe, nikiwatazama wanyama dhaifu wanavyojivuta nyuma kabla ya kurukia, ili nijifunze kukwepa katika nukta ile ya mwisho. Ukikwepa kwa wakati wake, adui hupungua mwendo nawe unapata nafasi ya kumshambulia. Mazoezi hayo yalinifaa kuliko kuongeza nguvu za wahusika, maana majitu makuu ya baadaye hayamwachi anayebonyeza vitufe ovyo.

Baada ya hapo nilirudi kwenye Ys I na II, ambazo ni vyema zichezwe kwa kufuatana kwa kuwa hadithi yake ni moja. Humo hakuna kitufe cha kupiga kwa upanga: Adol humkimbilia adui na kumgonga kwa mwili. Ukimgonga uso kwa uso, nawe unaumia; ukijisogeza kando kidogo, nusu ya mwili wako ikampita, yeye ndiye anayeumia. Mkono ukishazoea, vita vinakwenda kasi ya ajabu. Katika ile ya kwanza nguvu hukoma kwenye kiwango cha 10, kwa hiyo mbele ya majitu ya mnara wa Darm, ambako mchezo unaishia, huwezi kutegemea kuendelea kujijenga. Silaha sahihi na macho makali ndivyo vinavyokuvusha.

Kwa anayetaka safari fupi isiyo na kundi la wenzake wa kuwaongoza, ningemwelekeza moja kwa moja kwenye The Oath in Felghana ya mwaka 2005, ambayo imeisuka upya sehemu ya tatu kwa upanga, kuruka na bangili za uchawi. Ni ngumu, lakini kila kipigo kina sababu unayoiona. Origin ningeiweka baada ya zile mbili za kwanza, kwani uzito wake unatokana na kuijua nchi ya Ys, iliyoupa mfululizo jina, na ukoo wa Fact, anakotoka adui mkuu wa sehemu ya kwanza. Ys IX nayo naiacha mbele zaidi: inaanza kwa Adol kukamatwa katika mji wa Balduq na kuhojiwa kuhusu safari zake zilizopita, na mahojiano hayo yananoga zaidi kwa mtu aliyezipitia mwenyewe.