Minyoo fundo kwenye tungule (nyanya): kuvu itangulie mzizini kabla ya mnyoo

Uking'oa mtungule uliodumaa, uwe Kisauni au Likoni hapa Mombasa, ukakuta mizizi imevimba manundu kama shanga, usiupotezee dawa. Hiyo ni minyoo fundo, Meloidogyne, na jike akishajikita ndani ya mzizi vijidudu rafiki vya dukani, yaani kuvu na bakteria wa kupambana naye, havimfikii humo. Usichanganye na kunde: vifundo vyake vya rutuba vimekaa ubavuni mwa mzizi na hubanduka kwa ukucha, lakini nundu la mnyoo ni mzizi wenyewe uliovimba.

Pwani yetu inamfaa sana mnyoo huyu. Mchanga wetu mwepesi anaupita kwa urahisi, na udongo wa nyuzi 27 hivi humtoa kwenye yai hadi kuwa jike anayetaga ndani ya wiki tatu au nne. Jike mmoja hutaga mayai mamia kadhaa, kwa hivyo msimu mmoja wa tungule hubeba vizazi vitatu hata vinne. Mbegu zinazosemwa zinastahimili minyoo nazo hutegemea jeni iitwayo Mi, ambayo hulegea udongo ukizidi nyuzi 28. Wakati wa kaskazi, hapa kwetu, hiyo si kinga ya kutegemea peke yake.

Kuvu ya kwanza ya kutafuta ni Purpureocillium lilacinum. Hutoboa ganda la yai kwa vimeng'enya vyake na kula kilichomo. Ya pili ni Trichoderma, ambayo hukaa juu ya mzizi, huwahi nafasi na kuuamsha mmea ujikinge. Bakteria wa Bacillus hufanya utando kwenye mzizi. Wote hawa wanazuia, hawatibu. Wakichelewa siku kumi baada ya kupandikiza, minyoo wachanga wameshaingia.

Kwa hivyo kazi kubwa iko kitaluni. Acha udongo wa shamba. Tumia vumbi la usumba, maana makumbi ya nazi hatuyakosi. Ikiwa makumbi yameloweshwa baharini, lisuuze vumbi hilo kwa maji matamu mara tatu au nne, la sivyo chumvi itaunguza miche. Kama kitalu chako ni cha ardhini, changanya gramu 50 za unga wa kuvu kwa kila mita mraba kabla ya kusia mbegu. Siku ya kupandikiza, koroga gramu 10 kwa lita moja ya maji, tumbukiza mizizi dakika 15, kisha panda jioni. Lebo ikitoa kipimo kingine, ifuate lebo, kwa sababu idadi ya chembe hai kwa gramu hutofautiana.

Shambani, lisha kuvu kabla ya kuitia. Changanya gramu 200 za Purpureocillium na gramu 200 za Trichoderma kwenye kilo 100 za samadi iliyooza vizuri, nyunyiza maji mpaka ukiifinya ishikane bila kutiririka, funika kwa makuti kivulini siku 15 hadi 20, ukiigeuza kila wiki. Mashudu ya mwarobaini yakipatikana, yaongeze humo. Weka konzi mbili kwa kila shimo. Unga uliomwagwa juu ya mchanga mkavu saa sita mchana hauishi, na hapo ndipo watu husema dawa ni feki.

Feki zipo pia. Angalia namba ya usajili ya PCPB, bodi ya Kenya inayosajili dawa za kilimo, na tarehe ya kutengenezwa, na usinunue pakiti iliyokaa miezi kwenye duka la mabati. Trichoderma unaweza kuijaribu: chemsha wali usiotiwa chumvi, uache upoe, gawa kwenye mitungi miwili safi, tia unga kwenye mmoja tu na ufunike yote. Baada ya siku nne au tano ule uliotiwa unga uwe na ukungu wa kijani. Mtungi huo usipoota ukungu, au yote miwili ikiota sawasawa, huo unga si wa kuamini.

Maji ya bomba yaache wazi usiku kucha, klorini iondoke. Bomba la kunyunyizia lisiwe lililotumika kwa dawa za ukungu, na chujio la mdomoni litolewe maana huziba. Usimwagie mzizi dawa za ukungu kama mankozebu au shaba ndani ya wiki mbili kabla au baada, utaua ulichonunua. Unapomimina unga, vaa barakoa na miwani. Purpureocillium inaweza kuambukiza jicho.

Kabla ya gharama zote hizo, jua kama minyoo ipo. Chukua udongo sehemu kumi, kina cha sentimita 20, ujaze ndoo, panda tango, ling'oe baada ya wiki tano. Kama limejaa manundu, tandaza nailoni angavu juu ya udongo uliolowa kwa wiki nne hadi sita kati ya Januari na Machi, ndipo utie vijidudu, si kabla: joto la jua chini ya nailoni huua minyoo na vijidudu hivyo pia. Mnavu na mchicha ving'olewe, maana minyoo huishi humo shamba likipumzishwa.

Msimu wa kwanza manundu yatabaki, kwa kuwa kuvu inakula mayai, si jike aliyeko ndani. Kinachopungua ni minyoo wa msimu ujao. Rudia kipimo cha ndoo baada ya kuvuna, na ulinganishe na tango la kwanza.